Ngamia Aliyeacha Kuswali

Yule fisi nilimzaa mimi, kwa mdomo huu huu ninaonywea chai. Nilimzaa hapa Garissa, kwenye kibanda cha chai cha Sirad, siku moja ya joto, watu wamechoka na siasa na mimi nimechoka kunyamaza. Nikasema: mbele ya Kutulo, karibu na mpaka, kuna mtu amefuga fisi ndani ya chumba cha mawe. Ukishikwa na wazimu unafungiwa humo. Fisi huona majini kama wewe unavyoona mbuzi. Anakuzunguka, anakunusa, anakucheka usoni, na jini akiyaona yale meno anatokea kisiginoni, mbio.

"Na kama huna jini?" akauliza Mursal. Mursal anauza vocha kando ya kibanda, na habari za mji huu humpitia yeye kabla ya kufika redioni.

"Kama huna jini," nikasema, "fisi hula alichokikuta."

Wakacheka mpaka Sirad akamwaga maziwa. Na Yahye, bila hata kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake, akaongeza, "Wallahi nilikuwepo. Ana jino moja la dhahabu."

Huyo ndiye Yahye. Miaka yote niliyoendesha bauza la maji la serikali, kwenda Takaba na kurudi, kwenda Kutulo na kukwama, Yahye ndiye aliyekuwa taniboi wangu. Mimi nashika usukani, yeye anashika mpira wa maji. Tulipostaafu tukagawana kazi vivyo hivyo: mimi nadanganya, yeye anaapa. Niliwaambia watu jinsi mafuriko yalivyotupitia juu, samaki wakaingia ndani ya tangi, na Takaba nzima ikanywa mchuzi wa samaki kutoka kwenye bomba langu. "Nilikuwepo," akasema Yahye. "Mimi nilipata kichwa." Wakaniita Nunow Beenaale, yaani Nunow Muongo, na jina hilo nililivaa kama kofia ya Idi.

Kisha Yahye akafa. Kisukari kilimla polepole, halafu kikammaliza haraka. Tulimzika kabla ya Alasiri, nikaenda nyumbani nikijua nitalia kama watu wanavyolia, na yatakwisha.

Hapa sasa sitanii. Mambo mengine usiniamini, haya niamini.

Sikulia. Badala ya machozi ilikuja hofu, na hofu yenyewe haikuwa na uso. Nilikuwa naamka kabla ya adhana ya alfajiri, kifua kimefungwa kama kwa kamba ya ngamia, natega sikio. Nini kile? Si kitu. Mke wangu Fosia anapumua. Jogoo wa jirani anajikuna. Si kitu kabisa, na mimi nimelowa jasho kama mtu aliyesikia nyayo ndani ya nyumba. Nikasema labda kukipambazuka nitapata nafuu. Kukapambazuka, ikawa mbaya zaidi. Mwanga ulipopenya chini ya mlango niliuona kama mtu aliyetumwa kuja kunichukua. Simu ikilia naisukuma chini ya mto. Anjera mdomoni ilikuwa karatasi iliyolowa. Maziwa ya ngamia, niliyoyanywa tangu kuzaliwa, yakaanza kunuka chuma.

Nikawa nakaa nimeuelekea ukuta. Fosia akisema neno, linanifikia limechoka, kama ananiita kutoka ng'ambo ya mto Tana. Msikitini niliacha kwenda. Kwanza nikasema goti. Halafu nikasema viatu vimeibiwa. Halafu sikusema kitu, na hapo ndipo nilipojiogopa mwenyewe, maana nilitafuta uongo wa tatu nikaukosa. Niliteremsha ndoo, ikarudi kavu. Mimi, Nunow Beenaale!

Utaniuliza, mbona hukumwambia mtu? Ngoja nikuambie kuhusu abti yangu, ndugu ya mama. Nilipokuwa mtoto, huko Takaba, abti alifungwa mnyororo kwenye mti wa mgunga nyuma ya boma. Mimi ndiye niliyempelekea maziwa. Nilikuwa nasukuma bakuli kwa fimbo, ndivyo nilivyoagizwa, na mpaka leo naiona ile ngozi ya kifundo chake cha mguu. Baadaye alipona. Akaoa, akafuga, akawa mtu mwenye heshima. Lakini mpaka siku ya kufa kwake, abti akisema "mvua inakuja," watu walitazamana. Kwetu neno ni moja tu, waalan, mwendawazimu. Hakuna nusu yake wala robo yake, na likishaingia nyumbani halitoki hata ukilifukiza ubani.

Kwa hiyo nikafunga mdomo, nikalinda kifundo changu.

Lakini nyumba haina siri na ukuta una masikio. Ndugu yangu mdogo, Siyad, akaja baada ya Alasiri. Siyad ni dalali wa ngamia sokoni, na ni kiroja cha Garissa: dalali asiyedanganya. Mnyama akiwa kilema, Siyad humwambia mnunuzi kabla hajaulizwa. Uongo humuuma tumbo. Alivua viatu, akaketi, akaongea na Fosia kana kwamba mimi ni gunia lililoegemezwa pale.

"Nimempata mtu wa kumtibu," akasema. "Mbele ya Kutulo. Ana fisi."

Nikageuka kutoka ukutani.

"Siyad," nikasema, "huyo fisi ni wangu. Nilimtunga mimi, kwa Sirad."

"Pole, walaal, ndugu yangu." Sauti yake ilikuwa laini, ile anayotumia kwa ngamia mwenye kidonda. "Yupo. Mursal anamjua mtu wa Mandera aliyeponywa. Na madereva wa malori nao wamenithibitishia."

"Wamekuambia ana jino la dhahabu?"

"Enhe!" Akamgeukia Fosia. "Umesikia, shemeji? Hata yeye mwenyewe anamjua!"

Uongo wangu ulikuwa umesafiri mpaka mpakani, ukaota ndevu, ukarudi kunichukua. Na mtu pekee ambaye angeweza kusema "nilikuwepo, tulitunga" alikuwa chini ya udongo.

"Jumatatu," akasema Siyad akivaa viatu. "Nitakuja na gari la Probox."

Nikuambie jambo la ajabu kuliko samaki wa kwenye tangi. Nilijua fisi yule ni maneno. Nilimjua kama fundi anavyokijua kiti alichokipiga misumari mwenyewe. Lakini ile hofu iliyokishika kifua changu haikuuliza kitu kimetoka wapi. Siku hiyo hiyo nikaanza kumnusa. Nikiwa nimeketi naona kivuli cha pazia, nashtuka. Chumba cha mawe nilikiona, mpaka alama za kucha mlangoni, na alama hizo sikuwahi kuzisimulia. Na kilichonitetemesha zaidi ni lile swali la Mursal. Atanizunguka, atanusa, hatamkuta jini. Maana moyoni nilihisi hakukuwa na jini ndani yangu. Hakukuwa na chochote ndani yangu. Nami ndiye niliyesema fisi hula alichokikuta.

Alhamisi Fosia akasimama mbele yangu, shungi limefungwa tayari kwa safari.

"Nunow, twende hospitali."

"Nina nini?"

"Sijui. Ningejua ningekutibu mwenyewe. Nasikia wana chumba cha magonjwa ya fikira."

"Wanione nikiingia humo?"

"Sema umekuja kwa presha. Sema ukucha. Wewe hukosi la kusema."

"Siku hizi nakosa," nikamwambia. Nadhani hapo ndipo aliponiona. Macho yake yakajaa, akaficha kwa kutafuta ufunguo.

Tukaenda. Alibaki langoni kwa mama muuza maji, mimi nikaingia. Nikasema "bresha", maana Kiswahili changu ni cha barabarani na p kwangu haisimami sawasawa. Wakanipima, ikawa nzuri kuliko ya kijana. Muuguzi akaniuliza nalalaje, nakulaje, nikajibu nikitazama feni. Akanionyesha mlango wa mwisho wa ukumbi.

Mlango ule Garissa nzima inaujua. Nilitembea nikihesabu macho yote mgongoni. Nilikuwa najifariji kwamba ndani nitamkuta Mkamba au Mjaluo, mtu asiyejua ukoo wangu, nimwambie, aniandikie dawa, ahamishwe mwaka ujao aende na siri yangu. Nikafungua. Msichana wa Kisomali, hijabu ya samawati, koti jeupe.

"Karibu, adeer. Mimi ni Iftin."

Adeer, baba mdogo! Damu ikanikimbia. Huyu kwa maswali mawili angemfikia babu yangu, na la tatu lingemfikia abti kwenye mgunga. Nikaamua tutaongea Kiswahili, lugha ya ofisi na vizuizi vya polisi. Kwa Kisomali uongo wangu wote unajulikana.

"Daktari," nikasema, "mimi sina shida. Shida ni ya ngamia wangu."

"Daktari wa mifugo yuko upande ule mwingine wa mji, adeer."

"Najua. Lakini huyu hana kupe, hana homa. Wa mifugo hatamuweza."

Aliinuka akafunga mlango. Nadhani niliruka kidogo kwenye kiti, maana alinitazama, akarudi, akauacha wazi upana wa kidole. Kisha akaweka kalamu chini.

"Haya. Nieleze huyo ngamia."

"Hali chakula. Anatafuna tu, hamezi."

"Analala?"

"Anaamka kabla ya wenzake. Anasimama tu gizani, anatetemeka."

"Anaogopa nini?"

"Ndiyo shida! Hajui. Angekuwepo simba, angekimbia, angechoka, angelala. Hakuna simba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwenzake afe. Walikuwa wawili. Mmoja anabeba, mwingine anaapa."

"Anaapa?"

"Anabeba. Wote wanabeba."

Hakutabasamu. "Kuna mambo aliyoyapenda zamani, ambayo ameyaacha?"

"Yote," nikasema, na sasa maneno yalikuwa yanateremka kama bauza lisilo na breki. "Wenzake hawafuati tena. Chai haigusi. Hata msikitini ameacha, haswali tena."

Nikasikia nilichosema. Naye akasikia. Feni ikazunguka. Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda, gurudumu moja linalia kama kifaranga.

Ngamia ameacha kuswali. Miaka yote ya kudanganya wakuu wa wilaya, na nikanaswa na kosa kama hilo. Nikamngojea acheke. Nikangojea lile neno, waalan, lidondoke mezani kati yetu.

"Adeer," akasema polepole, "huyo ngamia, kuna wakati anatamani asiamke tena?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Nikateremsha ndoo tena nitafute uongo.

"Anatamani," nikasema. "Si kila siku."

"Amepanga kujidhuru?"

"Hapana. Anautazama mto tu. Anautazama kwa muda mrefu."

"Ahsante kwa kuniambia." Akaegemea mbele, na hapo akaacha Kiswahili. Alisema neno moja tu, kwa lugha ya mama yangu. "Qulub."

Msomaji kama hukuchunga ngamia, nikufafanulie. Qulub ni neno la visimani. Ngamia akifiwa na mwenzake aliyezoea kulisha naye, hujitenga. Hali, hanywi, anatazama upeo wa macho, na wengine machozi huwatiririka. Wachungaji humtazama wakasema, ana qulub. Nililijua neno hilo kabla ya kujua kufunga viatu. Sikuwahi kufikiri kwamba linaweza kumwenea mtu wa miguu miwili.

"Wa kwenu akishikwa na qulub, mlimwita mwendawazimu?" akauliza Iftin.

"Ngamia? Hasha."

"Mlimfunga?"

"Ukimfunga anakufa."

"Mlifanya nini?"

"Tulimhamisha kisima. Tulimchanganya na kundi. Mtu alilala karibu naye." Sauti yangu ilikuwa inakatika. "Tulingoja."

"Basi hapa tunafanya hayo hayo, na dawa juu yake. Kwa Kiswahili cha vitabuni ugonjwa huu unaitwa sonona. Si jini, adeer, wala si upungufu wa imani. Unaanza kwa msiba kama wako, na wengine huwashika bila kufiwa na mtu. Unakula usingizi, unakula chakula, unakula hamu, unabakisha hofu. Unatibika. Lakini hautibiki kwa siku moja."

Akanieleza vidonge: kimoja kila siku, hata siku nitakayoona havina maana. Tumbo linaweza kuchafuka mwanzoni. Majuma yatapita kabla sijahisi kitu, na nikihisi nafuu nisiviache kwa akili yangu mwenyewe. Kila juma nirudi tuongee. Na nyumbani lazima mtu ajue, hasa habari ya mto. Akanipa namba ya simu ya kupiga mto ukianza kuniita.

"Nyumbani nani anajua?"

"Mke wangu yuko langoni. Na ndugu yangu ananipeleka kwa fisi Jumatatu."

"Yule wa jino la dhahabu?" Akatikisa kichwa. "Hata nyanya yangu amenisimulia."

Ya Rabbi! Mpaka na nyanya yake.

Akamwita Fosia ndani, akamweleza yote. Fosia alisikiliza akiwa ameshika mkono wangu juu ya meza, mbele ya mgeni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata tulipokuwa vijana.

Kidonge cha kwanza nilikimeza nikingoja kitu kitokee. Hakikutokea kitu. Ijumaa, hofu ile ile. Jumapili, hofu ile ile na tumbo juu yake. Na Jumatatu asubuhi nikasikia Probox.

Siyad aliingia. Nyuma ya gari, mlango ukiwa umeinuliwa, niliona kamba mpya ya katani.

"Kamba ya nini?" nikauliza.

Ningempa chochote anidanganye. Aseme ya mizigo, ya magodoro. Lakini ni Siyad.

"Ukikataa njiani," akasema.

Kifundo cha mguu wangu kikapata baridi. Nilihisi chuma pale, wallahi, nilikihisi kizito. Fosia akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo.

"Hatoki."

"Shemeji, unadhani mimi nafurahi? Huyu amenilea. Nitamwacha akauke ukutani?"

"Anatibiwa. Amepata dawa."

"Dawa ya nini? Ugonjwa wake unaitwaje?"

Nilitaka kusema. Nikakaa chini pale pale sakafuni, karibu na miguu ya Siyad.

"Siyad. Unamkumbuka ngamia jike wa mama, yule mweusi? Mwenzake alipofia kisimani?"

"Namkumbuka. Mambo gani hayo sasa?"

"Nani alilala naye kiangazi chote, akimwimbia?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa na qulub."

"Mbona hukumtafutia fisi?"

Siyad alitazama ile kamba kupitia mlangoni. Akanitazama mimi, shati linavyoning'inia, nami nikaona macho yake yanashuka mbavuni na kwenye nyonga, yanavyoshuka sokoni anapompima mnyama, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunipima hivyo. Akachuchumaa.

"Yahye," akasema.

"Yahye."

"Ulinyamaza tu, walaal. Ungesema ni qulub."

"Sikujua kwamba na mtu hushikwa."

Akaipangusa pua kwa kiganja kama mtoto. Kisha akaenda garini, akaitoa ile kamba, akaitupa juu ya paa la banda la mbuzi. "Inuka," akasema. "Nipeleke kwa huyo msichana nimsikie kwa masikio yangu."

Ndivyo tulivyoketi kwenye benchi, mbele ya ule mlango wa mwisho wa ukumbi, Siyad na mimi, bega kwa bega, wanaume wawili wanatazama sakafu kama wamepoteza sindano. Na nani akaja, na pamba kwenye shavu, ametoka kung'olewa jino?

"Nunow Beenaale!" Ni Mursal. "Na Siyad! Mnafanya nini kwenye mlango huu?"

Moyo wangu ukapiga mpaka nikauona kwenye shati. Nililiona lile neno limekaa juu ya ulimi wake, limevaa viatu, liko tayari kwenda mjini. Kufikia Adhuhuri lingekuwa limefika kambi ya wakimbizi ya Ifo, na kesho yake Takaba, chini ya ule mgunga.

Siyad alivuta pumzi. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mtu huyu hajawahi kumdanganya hata mnunuzi wa mbuzi.

"Tumeleta ngamia," akasema.

"Hospitali ya watu?"

"Wa mifugo wamemshindwa."

Mursal akatazama ukumbi mzima, juu na chini, shavu limemvimba. "Yuko wapi?"

Siyad alikuwa ametoa chote alichokuwa nacho. Alinigeukia kama mtu anayezama. Nikateremsha ndoo. Miezi yote ile ilikuwa inarudi kavu.

"Yuko ndani," nikasema. "Anapimwa bresha."

Halafu kwa mazoea nikangoja. Nilingoja ile sauti ya Yahye kutoka nyuma ya kikombe, na haikuja, na pahali pake pakaniuma hata nikataka kuinuka nikimbie. Mursal naye alikuwa anangoja, nadhani, bila kujua anangoja nini.

"Nilikuwepo," akasema Siyad, akitazama sakafu. Bila wallahi, hata yeye ana mpaka wake. Lakini alisema, na mkono ameushika tumboni.

Mlango ukafunguka. Iftin akachungulia, akamwona Mursal, akatuona sisi.

"Mwenye ngamia," akaita, "ingia."

Nikainuka. Hofu iliinuka pamoja nami, haikubaki kwenye benchi. Siyad alinifuata kwa nyuma akiwa ameshika ncha ya shati langu, taratibu, kama anavyoshikwa mnyama anayepelekwa kisima kipya.